Mwacheni bibi harusi afungue dirisha mwenyewe

Wiki hii nilikuwa msaidizi wa mpiga picha kwenye harusi moja Puglia, huku kusini mwa Italia, na hasira haijanitoka. Maharusi wametoka kanisani, mchele unarushwa, watu wanapiga kelele za "Viva gli sposi!", yaani waishi maharusi, bibi mmoja mzee kajaza kiganja na anautupa kama analipa deni la miaka. Mara bosi anapaza sauti: rudini ndani mtoke tena, haikukaa vizuri. Wakarudi! Mchele uliobaki ukagawiwa upya, kiganja kimoja kimoja. Safari hii kila mtu anaitabasamia kamera, na yule bibi keshajiendea zake kivulini.

Hiyo si picha ya harusi, jamani. Ni tangazo la biashara ambalo waigizaji wamejilipia wenyewe.

Na huo ni mchele tu. Usiku wa kuamkia harusi kulikuwa na serenata. Bwana harusi anakwenda na wapiga gitaa na akodioni hadi chini ya dirisha la mchumba wake, anaimba, majirani wamejaa barazani, ndani giza. Bibi harusi anajifanya kalala. Utamu wote uko kwenye kule kungoja: taa itawaka lini? Sasa huyu mpiga video kasimamisha mataa makubwa pande zote mbili za kichochoro, halafu kuna kijana ndani ya nyumba ameshika simu, anapokea amri: "Bado... bado... haya, fungua!" Bwana harusi kaimba ubeti uleule mpaka sauti ikakauka. Dirisha lilipofunguka alikuwa anamtazama mpiga video, ajue kama imekubali.

Nani kawapa hawa watu madaraka hayo?

Wakati huohuo, yanayotokea yenyewe hawayaoni. Tangu makubaliano ya 1929 kati ya Serikali ya Italia na Kanisa, ndoa ya kanisani inatambuliwa na sheria za nchi, kwa hiyo padri huwasomea maharusi vifungu vya 143, 144 na 147 vya sheria ya kiraia: kuwa waaminifu, kusaidiana, kukubaliana watakapoishi, kulea watoto. Wapiga picha wengi hapo ndipo wanapobadilisha betri. Mimi hapo ndipo ninapokaza jicho. Padri kataja uaminifu, shahidi wa bwana harusi kaangalia sakafu, mabega yanamtikisika kwa kicheko, bibi harusi kamwona. Umpange nani apate sura ile?

Haya, nakubali: jua la Agosti saa saba mchana linaharibu sura ya mtu yeyote, na maharusi wanaotaka picha ya machweo kwenye mizeituni wana haki yao. Wapewe dakika ishirini. Si saa mbili, wageni wanazungukia glasi tupu na baba mzazi anaulizia jikoni kama tambi zimeshaanza kuvurugika. Tena wapiga picha wengine wanaonyeshwa kwenye simu picha za vilima vya Toscana, mkoa mwingine kabisa, na wanaahidi "tutapata kama hii". Hapa ni Puglia!

Droni inayovuma juu ya watu, sitaki hata kuizungumzia.

Lozi za sukari wanazopewa wageni, huku zinaitwa confetti, hufungwa tano tano kwa sababu tano haigawanyiki kwa mbili, kama maharusi wasivyopaswa kugawanyika. Bosi alizipiga picha nusu saa nzima kando ya pete. Chini ya meza mtoto alikuwa anazivunja kwa meno, mashavu yamejaa, na hakuna aliyeinama. Baadaye marafiki wakaikata tai ya bwana harusi kwa mkasi na kupita mezani wakiuza vipande, fedha ni ya maharusi. Aliyezoea kutunza kwenye harusi za kwetu hahitaji maelezo. Mjomba mmoja aligeuza mifuko nje kuonyesha hana kitu, kisha akatoa noti kutoka kwenye soksi. Bosi alikuwa nje, anasubiri machweo.

Mnaotaka kuoana, kabla hamjatoa malipo ya awali, mwulizeni mpiga picha wenu atafanya nini mchele ukimpita. Akisema "tutarudia", mlipieni kahawa mmuage.