Sitka, Haines au Icy Strait Point: bandari ndogo ipi Alaska?

Kila anayepanga safari ya meli ya kitalii kwenda Alaska hupewa ushauri uleule: Juneau, Ketchikan na Skagway zimefurika watu, tafuta ratiba yenye bandari ndogo. Ushauri huo una ukweli, ila ni nusu yake. Mji kuwa mdogo hakuna maana kwamba utakuwa na watu wachache siku utakayoshuka wewe. Hoonah, kijiji cha Watlingit, wenyeji wa asili wa sehemu hii ya Alaska, kilicho jirani na Icy Strait Point, kina wakazi wasiofika elfu moja. Meli moja kubwa kati ya zile zinazoondokea Seattle hubeba abiria wapatao elfu nne. Icy Strait Point ina gati mbili. Zikijaa zote siku moja, wageni wanawazidi wenyeji kwa mara nane na zaidi. Juneau yenye wakazi elfu thelathini na kitu haifikii uwiano huo hata siku yake ya fujo, maana tangu 2024 ina makubaliano na kampuni za meli kwamba meli kubwa zisizidi tano kwa siku.

Ndiyo maana mimi huanza na kalenda kabla ya ramani. Ratiba za meli kwa kila bandari hutangazwa miezi mingi kabla ya msimu, na msimu wenyewe ni Aprili hadi Oktoba tu. Mtu akiona tarehe yake inaangukia siku ya meli moja Sitka, amepata mji tofauti kabisa na atakayefika siku ya meli nne. Kampuni ikikuuzia safari haikutajii jambo hili. Ni juu yako kulitafuta.

Tuanze na Icy Strait Point, kwa sababu ndiyo inayozua ubishi mwingi. Iko kwenye kisiwa cha Chichagof, mwendo wa miguu kutoka Hoonah, na kwa kweli si mji. Ni kiwanda cha zamani cha kusindika samoni kilichojengwa 1912, kikageuzwa kituo cha watalii na kuanza kupokea meli 2004. Pana makumbusho ya mitambo ya kiwanda, maduka na migahawa ya kaa, na kuna kamba ya kuteleza kutoka mlimani yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Wanaoibeza husema umesafiri mpaka ncha ya Amerika kuingia kwenye kitu kilichotengenezwa kwa ajili yako, ambacho meli zikiondoka hubaki kitupu. Siwezi kusema wanasingizia. Ukishuka pale bila ziara ya kulipia na usitake kuteleza kwa kamba, saa mbili zitakutosha, nyingine utazimalizia kwenye benchi.

Lakini ukiuliza nani mmiliki, hoja hiyo inageuka. Icy Strait Point ni mali ya Huna Totem Corporation, kampuni ya wenyeji wa asili wenyewe. Ilizaliwa na sheria ya 1971 iliyomaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa asili wa Alaska kwa kuwapa ardhi na fedha kupitia makampuni ambayo wao ndio wanahisa. Halafu tazama ile miji inayoitwa halisi. Katika barabara za karibu na gati za Skagway, Juneau na Ketchikan, maduka mengi ya vito na saa ni ya watu wa nje ya Alaska, huja na meli ya kwanza na kufunga na meli ya mwisho. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa kati ya kiwanda kilichopambwa ambacho faida yake inabaki kwa wanahisa Watlingit, na barabara ya kihistoria ambayo kodi ya pango inalipwa na muuza almasi kutoka mbali, wapi mwenyeji anapona zaidi? Kwa jicho langu, shutuma ya kwamba ni kitu cha kutengenezwa inapelekwa kwa mshitakiwa asiye sahihi.

Kuna jambo jingine linalopandisha hadhi ya mahali pale. Watlingit wa Huna waliishi Glacier Bay, ghuba ambayo leo ni hifadhi ya taifa, hadi barafu iliposonga mbele katika karne ya 18 na kuwasukuma nje. Hoonah ndiko wengi walikohamia. Meli kubwa za kitalii zinazoruhusiwa kuingia Glacier Bay ni mbili tu kwa siku, na ratiba nyingine zinaunganisha hifadhi hiyo na Icy Strait Point katika safari moja. Mtu aliyepita kwenye ghuba jana na leo akakanyaga Hoonah anaona pande mbili za habari moja, kama atakubali kutembea mpaka kijijini badala ya kuishia dukani.

Na nyangumi. Upande wa kaskazini wa kisiwa, kwenye ncha ya Point Adolphus, nyangumi wenye nundu hukusanyika majira ya joto kula, wengi wao wakiwa wamepitisha baridi katika maji ya Hawaii. Boti haina haja ya kusafiri mbali. Dubu nao: Chichagof, Baranof na Admiralty ni visiwa vya dubu wa kahawia peke yake, weusi hawapo kabisa, na vinasaba vya dubu hawa vina uhusiano wa karibu na wa dubu wa ncha ya kaskazini. Ila dubu hana mkataba na kampuni ya utalii.

Sitka ni habari nyingine. Iko kwenye kisiwa cha Baranof, imeelekea bahari kuu ya Pasifiki, na kuifikia meli hulazimika kutoka kwenye njia za ndani zilizokingwa na visiwa. Mwenye kichefuchefu cha bahari alijue hilo mapema. Meli nyingi kubwa hufunga kwenye gati binafsi lililo karibu kilomita 9 kaskazini mwa mji, kisha abiria hupelekwa kwa basi, hivyo dakika kadhaa za muda wako zinakwenda kwenye foleni.

Baada ya usumbufu huo, unapata mji ambao ungekuwepo hata kama hakuna meli hata moja iliyowahi kuleta mtalii. Wakazi wake ni kama elfu nane na nusu. Wana bandari ya uvuvi inayofanya kazi, shule, hospitali, na historia ambayo hakuna bandari nyingine ya njia hii inayoikaribia. Hapa palikuwa makao makuu ya Warusi walipoitawala Alaska, wakipaita Malaika Mkuu Mpya. Mwaka 1804 ukoo wa Kiks.ádi wa Watlingit ulipigana hapa na Warusi wa Aleksandr Baranov, na uwanja wa vita hivyo leo ni hifadhi yenye njia tambarare ya msituni, nguzo za kuchonga zikiwa zimesimama kati ya miti mirefu. Tarehe 18 Oktoba 1867, kwenye kilima kilicho katikati ya mji, bendera ya Urusi ilishushwa na ya Marekani ikapandishwa, baada ya Alaska kuuzwa kwa dola milioni 7.2. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, la Waorthodoksi, liliungua 1966. Watu wa mji waliokoa sanamu takatifu nyingi kutoka motoni, na jengo likajengwa upya kwa mfano wa lile la zamani. Yote haya unayaona kwa miguu, na mengi hayadai ziara ya mamia ya dola. Kwa familia ya watu wanne hesabu hiyo si ndogo.

Sitka pia inaonyesha kwamba wenyeji wenyewe hawajakubaliana kuhusu wageni. Idadi ya abiria ilipopita nusu milioni kwa mwaka, baadhi ya wakazi walipendekeza kikomo cha 300,000. Mei 2025 pendekezo hilo lilipigiwa kura, na wengi wakalikataa. Juneau nako, Oktoba 2024, pendekezo la Jumamosi bila meli kubwa lilishindwa. Anayedai kwamba wenyeji wamechoka na watalii, na anayedai kwamba wanawasubiri kwa hamu, wote wawili watapata mashahidi katika mtaa mmoja. Serikali ya jimbo hutoza dola 34.50 kwa kila abiria, na dola 5 kati ya hizo hupelekwa kwa kila moja ya bandari saba za mwanzo ambazo meli inatembelea. Mji mdogo unaotengeneza gati au vyoo vya umma unaihitaji sana fedha hiyo, jambo ambalo wapinzani wa meli mara nyingi huliruka.

Haines ndiyo ndogo ya kweli kati ya tatu hizi kwa maana ninayoijali: siku nyingi za msimu haipati meli kubwa hata moja. Ina wakazi kama elfu mbili, milima yenye theluji mbele na nyuma, ngome ya zamani ya jeshi iliyogeuzwa nyumba za watu, na jumba la makumbusho ya nyundo. Naam, nyundo. Mto Chilkoot uko karibu, na samoni wanapopanda mwishoni mwa kiangazi dubu huwafuata. Hakuna anayekupokea kwa ngoma, na ukinyeshewa hakuna jumba kubwa la kujikinga. Kwa mtu anayetaka kuongozwa kila hatua, Haines itamkera.

Tahadhari moja kuhusu Haines: zile picha za tai wenye vichwa vyeupe wamejaa mitini kama maembe. Ni za kweli, ila ni za Novemba, wakati samoni wa mwisho wanapanda mto Chilkat ambao haugandi sehemu ile. Wakati huo meli zimeshaondoka. Wa kiangazi wapo, lakini si maelfu yale.

Habari njema ni kwamba huhitaji ratiba maalumu ili uione. Kwa barabara Haines na Skagway zinatenganishwa na zaidi ya kilomita 550 kupitia Canada, ilhali kwa maji ni mwendo wa kama dakika 45 kwa boti ya abiria. Mwenye siku nzima Skagway, hasa aliyekwisha kupanda ile reli nyembamba iliyojengwa enzi za dhahabu ya Klondike, anaweza kuvuka asubuhi na kurudi alasiri. Anunue ziara kupitia meli au aache saa kadhaa za akiba, maana aliyejipangia mwenyewe meli haimsubiri.

Kuna pia bandari ambazo ni ndogo kwa jina tu. Ward Cove, ambako baadhi ya meli hufunga zikisema zimefika Ketchikan, ni eneo la kiwanda cha zamani cha rojo la karatasi, kilomita 11 hivi kutoka mjini. Soma ratiba mpaka jina la gati.

Kwa msafiri mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda anayeishi Marekani au anayetembelea ndugu zake Seattle, liko suala linalotangulia yote. Sheria ya Marekani ya 1886 inazilazimisha meli zenye bendera ya kigeni, yaani karibu zote kubwa, kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo sababu safari za Seattle husimama Victoria, Canada, mara nyingi kwa saa chache za jioni. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu Marekani hahitaji viza ya Canada, anahitaji kadi na pasi yake. Mwenye viza ya matembezi anahitaji ya Canada pia, na ile ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo anaweza kuzuiwa kupanda meli siku ya kwanza.

Ningelazimika kuchagua ratiba moja kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, ningempa Sitka, kwa sharti la siku yenye meli chache na saa zisizopungua saba. Mwenye watoto wanaotaka nyangumi, au ambaye ratiba yake tayari ina Glacier Bay, ningemwelekeza Icy Strait Point bila kumwonea haya, na ningemsihi atembee mpaka Hoonah. Haines ningemwachia aliyekwisha kuiona Skagway na asiyehitaji kuburudishwa na mtu.