Mvua ya shanga ukumbini

Acheni kunitaja kwenye magrupu. Eti jana nilivuka nguo ukumbini? Sikuvuka! Shosti yangu kaongeza chumvi, kama kawaida yake. Zilizodondoka ni shanga za kiunoni, basi.

Mnaonifuata mnajua wazimu wangu wa shanga za chupa, zile wanazotengeneza Wakrobo kule Ghana. Chupa za mvinyo hapa Dodoma hazikosekani. Natwanga, nachekecha, unga wa kioo najaza kwenye kalibu ya udongo, katikati nachomeka kikonyo cha jani la muhogo. Kwenye tanuru kikonyo kinaungua, kinaacha tundu. Halafu unasugua kwa mchanga na maji mpaka kingo zilainike. Hapo ndipo pananichosha. Nilisugua nje tu, zikang'aa kijani hadi raha. Ndani ya tundu nani atachungulia?

Uzi ulichungulia.

Jana, sendofu ya dada yangu, ukumbi uko Area D. Nimetumwa kuwapelekea keki wazee wa upande wa bwana harusi. Nikapiga magoti mbele ya baba mkwe mtarajiwa, sahani mikononi. "Shikamoo baba." Kiunoni nikasikia: tak. Nikaganda. DJ naye, sijui katumwa na nani, akazima muziki. Ya kwanza ikagonga marumaru: ti! Ya pili. Nikabana mapaja, wapi! Zikashuka kama mchele kwenye sinia, na kioo si plastiki jamani, kina sauti. Moja ikajitenga na wenzake. Ikabingirika taratibu, ikapita chini ya meza, ikagonga kiatu cha mzee, ikatulia. Mzee akainama (mgongo unamsumbua, kwa hiyo hana haraka), akaiokota, akainyanyua kwenye taa, akaigeuza huku na huku.

"Mwanangu, hii ni yako?"

Kipaza sauti cha MC kiko hapo hapo. Na mimi, mtoto wa watu, nikamjibu: "Marahaba."

MC akadakia: "Jamani, Dodoma mvua mwezi wa nane?" Ukumbi ukalipuka. (Cheka tu na wewe, nakuona.)

Mengine ni mafupi. Keki ilianguka, nikakimbilia jikoni, mama haongei na mimi hadi sasa. Shangazi wa bwana harusi akanifuata, shanga kazifunga kwenye leso, nikajua leo nasemwa. Kumbe anauliza utunda mzima bei gani. Nikamtajia bei ya mashemeji. Tangu asubuhi nasugua matundu kwa waya na mchanga, vidole havina ngozi.