Bibi wa rangi za maji: ustadi au mkono usiojua?

Mji Mkongwe wa Zanzibar una maduka ya picha kila uchochoro, hasa ukipita mtaa wa Gizenga, lakini sura ya mtu iliyochorwa kwa rangi za maji ni nadra kuikuta. Turubai, kitambaa kizito cha kuchorea, ndilo lililotawala, maana mgeni hulikunja akalitia begini. Karatasi huku kwetu ina maadui wawili: unyevu wa masika unaoiotesha kuvu, na jua linalofubaza rangi. Ndiyo maana mchoro mmoja wa bibi aliyejitanda kanga umezua ubishi kati yetu tunaopenda sanaa.

Umechorwa kienyeji. Uso umetazama mbele, pua ni mstari mmoja, kivuli hakuna, na mkono ulioshika pindo unakaribia ukubwa wa uso. Wanaoupinga wanasema mchoraji hajui vipimo, na kumsifu ni kumdumaza. Wana hoja. Maduka yamejaa wanawake wembamba wasio na nyuso, wale wale kila ukutani, na kila ukiuliza unaambiwa ndiyo asili yetu.

Wanaoutetea wanamtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kupita chuo cha sanaa, akafariki 1972, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Ni kweli, ila mfano huo hautoshi. Yeye alitumia rangi nzito ya kung'aa, inayofunika kilicho chini yake. Rangi ya maji haifichi kitu. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe, na ukishaipaka hairudi kama ilivyokuwa.

Basi tuupime hapo. Mng'ao wa jicho la bibi ni kidoa cha karatasi tupu, kidogo kama punje ya ufuta. Mchoraji alikiacha kabla brashi haijafika. Shavuni kuna tabaka mbili, na ya pili ilisubiri ya kwanza ikauke, ndiyo maana ukingo wake umekatika safi. Huyu anajua anachofanya, na mkono ule mkubwa naamini aliutaka. Shingo ndiyo iliyomshinda: imesuguliwa mpaka karatasi ikatoka nyuzi, na sisi watetezi tusiite hilo mtindo.

Kinachoniuma zaidi ni nyuma ya karatasi. Hapana jina la mchoraji, wala la bibi mwenyewe, na sura ile ni ya mtu mmoja, si ya kila bibi.