Empiki ya 32 imekwenda wapi?

Sisi Waganda tulio Uingereza tuna ugonjwa mmoja: mtoto akigusa kompyuta mara mbili, tayari tumemwona injinia. Tunamlipia darasa la Jumamosi, tunamnunulia roboti, kisha tunawapigia ndugu wa Kampala na Mbale tukiwahimiza wafanye vivyo hivyo. Mimi naona mtoto asaidiwe kuandika programu mpaka pale anapoanza kutengeneza kitu chake. Hapo mzazi atoe mkono kwenye kibodi. (Nasema "kuandika programu" kwa makusudi. Hilo "kukodi" la mitandaoni, yaani coding, kwangu bado ni la gari la harusi.)

England, tangu Septemba 2014, mtaala unataka mtoto wa miaka 5 hadi 7 aelewe algorithimu (hatua za kufuata kwa mpangilio) ni nini, aandike programu ndogo na kuirekebisha ikikosea. Shule imeshaubeba mzigo huo, na darasa la kulipia mara nyingi linarudia yale yale. Nyumbani Uganda, mtoto wa P6, darasa la sita, anatoka alfajiri na kurudi jioni, wa bweni hata simu haoni, na PLE, mtihani wa kumaliza msingi, inamsubiri mwisho wa P7. Data nayo inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Ushauri wa London ukifikishwa Arua jinsi ulivyo, utakuwa umechacha.

Lakini nyumbani kuna omweso, bao la Kiganda, na huku hatuna. Ubao una mashimo 32 na empiki, yaani kete za mbegu, 64. Kila mchezaji ana safu mbili, mashimo 16, empiki 32. Unachota shimo moja, unapanda moja moja kwenda kinyume cha saa. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye empiki, unazichota zote na kuendelea; ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Weka kando kula za mwenzako, na hapo tayari una amri mbili za programu, "rudia mpaka" na "kama", bila umeme wala bando. Mwambie mtoto wa miaka 6 akuelekeze kucheza, nawe utii neno kwa neno. Akisema "panda" bila kusema uanzie wapi, kaa kimya na mkono hewani. Atacheka, kisha atasema vizuri zaidi.

Kama ana tableti, umri wa miaka 5 hadi 7 unafaa ScratchJr, app ya kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya picha, ambayo haihitaji kusoma. Kuanzia 8 ni Scratch yenyewe. Ni ya bure, lugha yake hubadilishwa kuwa Kiswahili, na ile ya kusakinisha haihitaji intaneti: pakua mara moja mjini, ibebe kwa flashi. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 4 inatosha. Kwa laptopu hizo, tatizo kubwa ni betri iliyokufa. Umeme ukikatika, kazi ya saa nzima inapotea, maana Scratch ya kusakinisha haijihifadhi yenyewe. Mzoesheni mtoto kuhifadhi kila anapobadilisha kitu, kwa jina jipya: omweso1, omweso2.

Mtoto wa miaka 9 au 10 aufanye upande wake wa ubao, ndani ya Scratch, kuwa orodha ya namba 16, moja kwa kila shimo. Kosa litakalotokea linajulikana: atasahau kwamba baada ya shimo la 16 anarudi la 1. Programu itajaribu kupanda shimo la 17 ambalo halipo, na Scratch haitalalamika hata kidogo. Akijumlisha atapata empiki 31. Mzazi aliye karibu atatamani kumwonyesha kosa. Asimwonyeshe. Mwulize tu: "Ile ya 32 imekwenda wapi?" Akirudi kesho yake bado anaitafuta, mpe muda zaidi, dakika 40 mara tatu kwa wiki wakati wa likizo. Akiona bora mpira, mwache aende na mpira wake. Muhula ukifunguliwa, wa bweni aende na daftari la miraba achoremo michezo yake mpaka likizo.

Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno, isubiri. Mabano yaliyosahaulika, nafasi moja iliyozidi, na ujumbe wa kosa kwa Kiingereza humkatisha tamaa mtoto ambaye mpaka P3 alifundishwa kwa lugha ya kwao. Ngoja mpaka asome Kiingereza bila kuhangaika.

Nanyi mnaotuma vifaa kutoka huku, roboti ya bei mbaya ikivunjika gurudumu Jinja, nani ana spea? Tumeni micro:bit, kile kibao kidogo cha kompyuta chenye vitaa 25 kinachotumia betri mbili za AAA. Tumeni na waya wake, kwa sababu nyaya nyingi za simu za mtaani ni za kuchaji tu. Kibao kitawaka vizuri, lakini kompyuta haitakiona, na nyumba nzima itaamini kimeharibika. Programu yake huingia kwa kunakili faili, kama unavyoweka wimbo kwenye flashi.

Na mkipiga simu Jumapili, msiulize amefika somo la ngapi. Ombeni awaonyeshe alichobadilisha tangu wiki jana. Aliyeiga tu atawaonyesha paka yuleyule wa Scratch akitembea kulia.