Familia Zangu Zote

Mama yangu alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale Tanga, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Shule zikifungwa hakuna wa kuniachia, basi ananichukua kazini, ananipa karatasi zilizoharibika nichoree, na juu ya kichwa changu ile mashine inanyesha kama mvua ya bati: ta-ta-ta-ta, kengele, krrrr, ta-ta-ta. Nimelala usingizi mwingi wa mchana chini ya mvua ile. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye bei msinione mwendawazimu.

Sasa naishi Leicester, Uingereza, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi ya mahesabu, na kutwa nabonyeza kibodi za siku hizi zisizo na sauti wala ladha, kama kutafuna wali uliolala bila mchuzi. Siku moja kijana mmoja kazini akaja na lijibao la rangi ya maziwa ya chai, akaliweka mezani, meza ikalalamika. IBM Model M, kibodi ya kompyuta za zamani. Akaniambia, jaribu. Nikaandika jina langu tu. Wallahi vinyweleo vilisimama. Ofisi ya mama ilirudi yote, hadi harufu ya karatasi ya kaboni.

Kibodi hizi zilianza kutoka mwaka 1985, na uzito wake unapita kilo mbili kwa sababu ndani mna bamba la chuma. Chini ya kila kitufe imesimama springi. Ukibonyeza, springi inavumilia, inavumilia, halafu ghafla inajipinda ubavuni na kukisukuma kinyundo kidogo kikagonga: tak! Herufi imeandikwa, nawe umesikia na umehisi kidoleni kwamba imeandikwa. Kibodi ya laptopu haikuhakikishii kitu. Inabidi uamini tu.

Basi nikaanza kuingia kwenye minada ya mtandaoni usiku. Mke wangu, Mama Nasra, ana zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo mwangalizi sikuwa naye. Nikasoma hadi nikawa mtaalamu wa kujifundisha mwenyewe, na hao ndio wabaya kuliko wote. Nikajua kwamba nyuma ya kila kibodi kuna kikaratasi chenye tarehe iliyotengenezwa na namba ya aina. 1391401 ni ya herufi za Kimarekani. 1391406 ni ya Kiingereza cha huku. Nikajua pia kwamba nyingi za Ulaya zilitoka kiwanda cha Greenock, Uskoti. Mimi nilitaka 1391406, mzaliwa wa Greenock, basi.

Ikatokea. Picha zilikuwa tatu. Ya kwanza imepigwa kutoka mbali, kibodi imelazwa juu ya kapeti kwenye giza, vitufe vyote vimefanana kama kunguru usiku. Ya pili ni waya. Ya tatu ni kile kikaratasi cha nyuma, na tarakimu ya mwisho imepitiwa na uchafu. Ukikodoa macho unaona 6. Nami nilikodoa. Muuzaji wa watu hakusema uongo hata kidogo. Aliandika kwamba kitu ni kama kinavyoonekana pichani. Kosa ni kwamba mimi nilikuwa nimeshaona kabla ya kutazama.

Mnada ulikuwa unafungwa Jumapili saa nne usiku. Mpango wangu ulikuwa wa kijasusi: usiguse kitu wiki nzima, halafu sekunde kumi za mwisho tupa dau lako, wengine wasipate muda wa kupumua. Kiapo changu kilikuwa paundi 50, haizidi hata senti. Zikabaki sekunde arobaini, dau limesimama 31, nikaona mkono unatetemeka. Nikatupa 50 mapema. Papo hapo ikaniambia nimepitwa. Kumbe mtu mwingine alishaiachia mashine kiwango chake cha juu, nayo inampandishia yenyewe huku yeye labda amelala anakoroma. Nikatupa 60. Nimepitwa. Hapo ndipo niligundua kwamba sinunui kibodi tena, napigana na mtu aliyelala. Nikatupa 80. Nikashinda kwa 78, na posta juu. Niliruka pale sebuleni peke yangu kama nimefunga bao la dakika ya tisini. Mama Nasra nilimwambia paundi 15, na Mungu ananisikia nikiandika haya.

Sanduku lilipofika nilifungua kwa kisu cha jikoni taratibu kama napasua mtu. Kikaratasi: Greenock, sawa. Nikafuta uchafu kwa kidole. 1391403.

Nikaigeuza. Pale panapoandikwa Ctrl pameandikwa Strg. Delete imekuwa Entf. Kulia kuna ö, kuna ä, kuna ü, na kuna ß ambayo nilidhani ni B iliyopata ajali. Nilikuwa nimenunua Mjerumani aliyezaliwa Uskoti.

Mtu mwenye akili angeirudisha. Mimi nikaketi nikajitetea. Nikajiambia, kwani Kiswahili kinahitaji ö? Hakihitaji. Nikapitisha macho safu kwa safu, nikahesabu wageni wote, nikaamua hawanihusu. A ipo, E ipo, I, O, U zipo. Nimekagua. Ndivyo nilivyosema kwa sauti, peke yangu: nimekagua.

Habari ya waya niipitie haraka. Kichwa chake ni cha mviringo, pini sita, laptopu haina tundu hilo. Nikanunua kiunganishi cha bei poa, kikafa kimya. Nikanunua kingine chenye saketi yake ndani, kikafanya kazi. Ongeza paundi 20 kwenye zile 15 za uongo.

Kuisafisha ndiko kulikuwa na utamu. Nilizing'oa kofia za vitufe moja moja, nikaziloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, na kule chini yake nikakuta maisha ya mtu mzima: makombo ya biskuti, nywele za kichwa kilichokuwa na mvi, kipande cha ukucha, pini ya karatasi na punje moja ya mchele. Watoto wakasogea kutazama kama tumechinja. Nikapiga picha kila safu ili nirudishe kila kofia mahali pake, na nilirudisha sawasawa. Hilo sina lawama nalo. Kila herufi ilirudi pale pale Mjerumani alipoiweka.

Jumamosi ile ile ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka kumi. Mama Nasra yuko zamuni, watoto wamelala, saa tano usiku, nami nimekaa mbele ya kibodi yangu inayong'aa. Nikasema ujumbe wa kwanza uwe wa heshima. Nikafungua WhatsApp kwenye laptopu, kundi la ukoo, watu 64, wa kwetu na wakwe humo humo. Nikaandika. Jamani, raha! Tak-tak-tak, nyumba nzima inalia kama mtu anakaanga bisi.

Sasa mjue kwamba mimi, mtoto wa mpiga taipu, naandika kwa vidole viwili. Macho yangu yako kwenye vitufe tangu herufi ya kwanza hadi nukta. Sitazami kioo. Na laptopu imepangwa kwa Kiingereza, haina habari Mjerumani ameandika nini juu ya vitufe vyake. Inajua tu kidole kimegusa wapi. Nikamaliza, nikatuma, nikazima, nikaenda kulala nimeridhika na nafsi yangu.

Niliandika hivi: Assalaam aleikum wazee wangu. Ndoa yangu inatimiza miaka 10. Mola kanijalia, nyumba yangu ina furaha. Mwezi ujao inshallah nakuja Tanga na familia yangu yote.

Ukoo ulisoma hivi: Assalaam aleikum wayee wangu. Ndoa zangu inatimiya miaka 10. Mola kanijalia, nzumba zangu ina furaha. Mweyi ujao inshallah nakuja Tanga na familia zangu zote.

Tanga wametutangulia saa mbili. Wazee waliamka kwa swala ya alfajiri, wakaswali, wakafungua simu. Mimi nakoroma, simu nimeinyamazisha.

Wa kwanza kuandika alikuwa baba mkubwa: Hongera mwanangu, jambo la kheri, muhimu uadilifu. Akafuata shangazi na vikaragosi vitatu vya kulia. Akafuata mtu ambaye sijui hata ananihusu vipi, akauliza huyo wa pili ni wa wapi, asije akawa Mzungu. Binamu yangu wa Muheza akajibu kwamba kwa vile nimeanza kusema "wayee" badala ya wazee, bila shaka ni Mzungu, ulimi umeshageuka.

Ndipo mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akaona aokoe jahazi. Akarekodi sauti ya dakika sita. Nimeihifadhi mpaka leo. Anaanza kwa kukohoa, kisha anasema: "Ndugu zangu, tusihukumu, tuchambue. Neno ndoa liko katika ngeli ya I-ZI. Umoja, ndoa yangu inatimiza. Wingi, ndoa zangu zinatimiza. Huyu kijana hakusema hili wala lile. Amesema ndoa zangu, inatimiza." Anameza mate. Moyo wangu, nilipoisikiliza baadaye, ulijaa matumaini hapo. "Maana yake ni kwamba ndoa ni nyingi, ila inayotimiza miaka kumi ni moja. Hiyo nyingine bado changa. Na sarufi yake imekaa sawa kabisa, nampongeza. Hayo ya tahajia tutayazungumza akija."

Kule zamuni, Mama Nasra anambadilisha mzee wa miaka 90 shuka, simu mfukoni inatetemeka bila kupumzika. Mama yake mzazi. Anapokea, anasikia kilio: "Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua nini, mama?"

"Basi hukujua. Ya Rabi."

Alifika nyumbani saa mbili asubuhi. Sikusikia ufunguo, nilichosikia ni taa. Amesimama mlangoni na sare ya kazi, koti hajavua, simu ameinyoosha mbele kama polisi na kitambulisho. "Baba Nasra. Familia zote zipi?"

Nikashuka nikiwa nimejifunga msuli, nikafungua laptopu nikasome hicho kinachosemwa, na kwa hasira, bila kusoma lolote juu ya lile la mjomba, nikajibu ukoo hapo hapo. Kwa kutumia nini? Kwa kibodi yangu. Nilikusudia: Shikamooni wazee. Mnasemaje? Familia yangu ni hiyo hiyo, haijaongezeka. Kikaenda: Shikamooni wayee. Mnasemaje_ Familia zangu ni hizo hizo, haijaongeyeka.

Mama mkwe akajitoa kwenye kundi.

"Hizo hizo," Mama Nasra akasoma polepole. "Kwa hiyo ni za siku nyingi."

Nikaapa. Nikaapa kwa vitu ambavyo mtu haapii. Akavuta kiti, akakaa, akasema: "Andika hapa mbele yangu. Andika, ndoa yangu ni moja." Nikainama, nikatafuta herufi moja moja kwa unyenyekevu wote, tak, tak, tak. Nikainua macho. Kwenye kioo: ndoa zangu ni moja. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani kwa mara ya kwanza alianza kufikiria hospitali badala ya talaka.

Aliyetuokoa ni Nasra, miaka tisa, aliyeshuka kutafuta maziwa. Akaja na bakuli lake, akatazama mikono yangu, akasema huku anatafuna, "Baba, mbona Z yako iko juu?"

Kimya.

Wajerumani, kumbe, Z wameipandisha juu katikati ya T na U, na Y wameishusha chini kushoto. Kwa lugha yao kuna maana, maana Z kwao inatumika sana na Y ni adimu. Lugha nyingine mtu angekosea tahajia tu. Kiswahili ukizibadilishana hizo mbili umeongeza wake.

Nikampigia mama Tanga kwa video, nikamwelekezea kibodi, nikamweleza habari nzima, nikampigia mistari miwili asikie. Alisikiliza kichwa amekiinamisha. Nilitegemea machozi. Akasema, "Hivyo ni vidole viwili."

"Mama, nakueleza kuhusu herufi..."

"Nimesikia. Mtu anayejua kupiga hatazami mashine. Ungekuwa hutazami, lisingekukuta." Halafu akamwita jirani aje kuona.

Na tiba yake? Bamba la ndani la Model M limepinda kama mgongo wa kobe, kwa hiyo kofia za safu zote zina umbo moja. Ukaing'oa Z, ukaing'oa Y, ukazibadilishana. Sekunde kumi. Mjomba alikubali maelezo, ingawa alisisitiza kwamba kwa ushahidi aliokuwa nao uchambuzi wake haukuwa na dosari. Mama mkwe alirudi kwenye kundi baada ya siku tatu. Bei halisi ilijulikana hiyo hiyo asubuhi, kwa sababu laptopu ilikuwa wazi na risiti ilikuwa kwenye barua pepe, na hapo sikuweza kumsingizia Mjerumani.

Mwezi uliofuata tukaenda Tanga kama nilivyoahidi. Bibi yangu hana WhatsApp. Habari huletewa mlangoni, na inaelekea aliletewa ile ya kwanza tu. Tukamsalimia, akatubusu, akaingia ndani, akatoka na doti mbili za kanga mpya mikononi.

"Hii yako, mama," akamwambia Mama Nasra. Akatazama nyuma yetu, kuelekea kwenye gari. "Na hii ya mwenzio. Naona yeye hakuja."

Mama Nasra akanigeukia kidogo tu, akapiga goti, akazipokea zote mbili.