Waranti kuisha si haki yako kuisha

"Pole mama, waranti imeisha." Basi, ukishaambiwa hivyo unageuka unatoka dukani, friji ya elfu sitini imekufa na wewe ndio unaomba samahani kwa kumsumbua mwenye duka. Mie naishi Leeds, Uingereza, kwetu Mombasa, na kila nikiisikia hiyo sentensi napandwa na mori, manake sheria ya huku na ya kwetu hazijaachana mbali vile watu wanavyofikiria. Kilichoachana mbali ni kile mteja anachokijua akisimama mbele ya kaunta, na mwenye duka anajua kwamba wewe hujui.

Tuanze na waranti yenyewe. Waranti ni ahadi ya kampuni iliyotengeneza kitu, wamejiamulia wenyewe mwaka au miaka miwili, wangetaka wangeandika miezi mitatu. Sheria ni jambo lingine kabisa na inamshika yule aliyekuuzia, yule aliyepokea pesa yako, kwa hivyo akikwambia piga simu kwa kampuni usikubali haraka. Huku sheria inaitwa Consumer Rights Act ya 2015, nayo yasema kitu kiwe na ubora wa kuridhisha, kifanye kazi yake, kifanane na vile kilivyoelezwa, na katika huo ubora uimara umetajwa pia, yaani kidumu muda ambao mtu mwenye akili zake angetarajia ukiangalia na bei. Siku 30 za mwanzo kikiwa na kasoro unakirudisha unapewa pesa zako zote. Mpaka miezi 6 kikiharibika yachukuliwa kwamba kasoro ilikuwamo tangu dukani, muuzaji ndiye athibitishe vingine. Baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha unarudi kwako, lakini mlango haujafungwa, unaweza kudai mpaka mahakamani kwa miaka 6 kama uko England, Wales au Ireland ya Kaskazini, na 5 ukiwa Scotland. Watu wengine wanasikia miaka 6 wanadhani kila kitu lazima kiishi miaka 6, hapana, birika la bei ya chini likifa baada ya miaka mitatu hakimu hatakusikiliza, lakini mashine ya kufulia ya pauni mia nne ikifa mwaka wa pili hiyo ni habari nyingine.

Na hiyo yangu ndio ilikuwa hivyo. Waranti ya mwaka mmoja ilikuwa imekwisha kitambo, mashine ikaanza kunguruma ikifika kwenye kukamua, nyumba nzima inatetemeka, halafu ikasimama kabisa na maji ndani. Nikapiga simu dukani, kijana wa kastoma kea akanisomea maneno yaleyale, waranti imeisha, wasiliana na kampuni. Nikamwambia mie siulizii waranti, naulizia Consumer Rights Act, na mkataba wangu ni na nyinyi. Nikahisi kabisa mambo yamebadilika, akaniweka kwenye laini, akarudi mtu mwingine, akasema sawa lete ripoti ya fundi anayejitegemea. Fundi akaja akafungua mgongo wa mashine, akanionyesha beringi zimekwisha na kutu imeshuka chini ya dramu, na ubaya ni kwamba tangi lenyewe ni plastiki iliyounganishwa kwa moto kiwandani, haifunguki, kwa hivyo beringi ya bei ya sahani ya biriani inakulazimisha ununue tangi zima ambalo bei yake ni karibu na mashine mpya. Akaandika hayo yote, na kwamba haikutokana na matumizi mabaya. Duka likanirudishia sehemu kubwa ya pesa pamoja na ada ya yule fundi, wakakata kidogo tu kwa muda nilioitumia, na hiyo sheria inaruhusu.

Msifikirie huku ni peponi. Maduka ya huku yanakukataa vilevile mara ya kwanza, tena kwa sauti tamu kuliko ya kwetu, na pale unapolipa watakushawishi ununue waranti ya ziada ya miaka mitatu, pesa nyingi tu, kwa mambo ambayo mengine sheria imeshakupa bure. Wazee wetu wengi huku wanainunua kwa hofu. Cha kuwaambia ni kwamba ukilipa kwa kredit kadi kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000, hata duka likifilisika unaweza kuidai benki yenyewe chini ya sheria ya mikopo ya 1974 (Consumer Credit Act), kifungu cha 75. Na ukishindwa kabisa kuna mahakama ya madai madogo, England na Wales inafika pauni 10,000, huhitaji wakili. Kabla ya kufika huko Citizens Advice, shirika la kuwashauri raia, watakushauri kwa simu bila malipo.

Sasa kwetu Kenya. Sheria ya mauzo ya bidhaa tunayo tangu enzi za mkoloni, imenakiliwa kutoka ile ya Waingereza ya 1893, na ndani yake mna sharti kwamba anayeuza bidhaa za aina fulani kama biashara yake, bidhaa hizo ziwe na ubora wa kuuzika. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ana haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Hiyo ni katiba jamani, huku Uingereza hata katiba iliyoandikwa kitabu kimoja hawana. Tukaongeza na sheria ya kulinda watumiaji ya 2012. Na muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, sawasawa na England. Hata Tanzania wana sheria yao ya ushindani ya 2003 na tume yake, FCC, inayosimamia mambo haya. Halafu mtu ananionyesha risiti imeandikwa chini "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" na anaiamini kuliko katiba.

Khalati yangu, dada wa mama, wa Likoni, friji yake iliacha kugandisha hata mwaka haujapita tangu waranti iishe. Dukani wakamwambia ni stima, stima ya Mombasa inapanda na kushuka, imeunguza. Kila kitu kwetu ni stima. Nikamwambia khalati usiitupe wala usiwape waichukue, kwanza muite fundi aangalie. Fundi akaja akajaza gesi, friji ikafanya kazi vizuri, baada ya siku chache gesi imetoka tena. Kompresa, yaani mota ya friji, nzima, haina alama ya kuungua, stima haikuigusa. Akatafuta akakuta inavuja kwenye paipu iliyopita ndani ya ukuta wa friji, kule kwenye sponji, pahali ambapo mkono wa mtu haufiki na stima haifiki, paipu imeoza kutokea ndani. Akapiga picha na video kwa simu, akaandika kwenye karatasi jina lake na alichokikuta.

Kurudi dukani wakabadilisha wimbo, sasa ni chumvi ya pwani. Lakini duka liko Mombasa, linauzia watu wa Mombasa, wanajua hewa ya hapa ina chumvi, sasa wanauza friji isiyoweza kuishi hapa? Khalati mwenyewe hapendi ugomvi, alikuwa akiniambia "mwanangu wacha tu, Mungu atalipa", mie nikamwambia khalati Mungu atalipa lakini hawa nao walipe. Tukaandika barua ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukataja tarehe ya kununua, bei, alichosema fundi, kifungu cha 46 cha katiba, na tukawapa siku 14 kabla ya kwenda mahakama ya madai madogo. Wakampigia simu kabla siku hizo hazijaisha. Akapewa friji nyingine ya aina ileile akaongeza pesa kidogo kwa muda alioitumia ile ya kwanza, na mie naona hapo haki imetendeka pande zote mbili.

Hiyo mahakama ya madai madogo Kenya watu hawaijui kabisa. Sheria yake ni ya 2016, ikafunguliwa Milimani Nairobi 2021 kisha ikaenea miji mingine, inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja, unajisimamia mwenyewe bila wakili, na kesi imepewa siku 60 iishe. Friji gani hiyo inayozidi milioni?

Ushahidi ndio unaowaangusha wengi. Zile risiti zinazochapwa kwa joto bila wino, kwa joto la pwani zinafutika zenyewe ndani ya droo, mwaka wa pili umeshika karatasi nyeupe, kwa hivyo piga picha siku hiyohiyo. Na kama ulilipa kwa M-Pesa basi meseji yako ni ushahidi, na ukiifuta unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako.

Kuna jambo moja ambalo kwetu ni bora kuliko huku na nataka tusilipoteze, nalo ni mafundi. Huku mtu akitengeneza mashine anaonekana amefanya muujiza, vitu vinatupwa vizima, mpaka serikali ikabidi itunge kanuni mwaka 2021 kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za kufulia, friji na runinga waweke spea kwa miaka kadhaa. Kwetu fundi wa mtaani anafungua bodi anatoa kapasita moja anaweka nyingine, runinga inawaka. Ripoti ya fundi kama huyo ina uzito kuliko maneno ya muuzaji aliyesimama kaunta hajafungua hata skrubu moja.

Kinachokosekana kwetu ni vitu viwili na wabunge wanaweza kuviandika wakitaka. Kwetu anayedai ndiye anayethibitisha, tangu siku ya kwanza, wakati huku miezi 6 ya mwanzo mzigo ni wa muuzaji. Sioni kwa nini mama wa Likoni amlipe fundi kuthibitisha kwamba friji ya wiki tatu ni mbovu. Na cha pili ni idadi ya miaka iandikwe wazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina miaka 2 ya sheria kama kiwango cha chini kabisa, Norway kwa vitu vinavyotarajiwa kudumu wamesema miaka 5, friji imo, mashine ya kufulia imo. Sisi tuna "ubora unaofaa" tu, na muuzaji ataufasiri anavyotaka. Friji tuandikiwe miaka 5.