Bata na kuku ua mmoja: ugomvi ni wa maji

Jirani yangu hapa Fuoni, Unguja, alipita barazani juzi baada ya laasiri, bata jike mkononi, kafungwa miguu kwa kipande cha kanga kuukuu. Kapewa zawadi na shemeji yake wa Donge. Nyumbani ana kuku kumi na wawili wa kienyeji na jogoo mmoja, ndani ya ua ambao ukitandika majamvi mawili hubaki pa kupitia tu. Akauliza: "Nikimtia na kuku wangu, kuna ubaya?"

Baraza likagawanyika hapo hapo. Mpemba mmoja alisema kwao Wete hajapata kuona bata na kuku wakitenganishwa, na mayai watu wanakula miaka yote. Fundi seremala wa mkabala akatikisa kichwa: "Bata? Utahama wewe, umwachie nyumba." Mimi nilinyamaza, maana nimewahi kuwa upande wa Mpemba, kisha nikawa upande wa fundi, na siku hizi naona wote wawili wanagombania kitu sicho. Bata na kuku wenyewe hawagombani sana. Tatizo ni maji: nani anayamwaga, na yakishamwagwa yanakwenda wapi.

Tumpe bata haki yake kwanza. Wengi tunaowafuga huku ni wale wenye chunjua nyekundu usoni, wasiopiga kelele, wanaofoka tu kama pampu ya baiskeli inayovuja. Asili yao ni Amerika, na hawadai bwawa. Ndoo ya kutumbukiza kichwa inawatosha. Hula vitu ambavyo kuku hawavigusi sana: konokono wa migombani, mabuu ya mbu kwenye dimbwi, na nzi huwadaka kwa ustadi wa kushangaza. Halafu kuna suala la kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji, wakaishia kutusafishia vifaranga. Wakija wawili, mmoja humchokoza koo, yaani kuku mama, mbele, mwenzake huchukua nyuma. Kwa bata mwenye watoto hufikiri mara mbili.

Chakula nacho hakiwi taabu. Machicha ya nazi, ukoko, pumba, vichwa vya dagaa, vyote vinaliwa na wote. Ila ukikuza vibata pamoja na vifaranga, jua kuwa kibata anahitaji niasini, moja ya vitamini B, karibu mara mbili ya kifaranga. Akiikosa miguu hupinda na hutembelea magoti. Kwetu dawa iko jikoni: hamira kidogo kwenye chakula, pamoja na dagaa na pumba za mpunga.

Na wanaweza kusaidiana kuatamia. Shangazi yangu wa Wete alikuwa akimwekea koo la kuku mayai ya bata ndani ya pakacha, kila yai na alama ya mkaa. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na wengi huikosea: yai la kuku hutotolewa kwa siku 21, la huyu bata wetu kwa siku 35. Ukiyaweka siku moja, koo atatoka na vifaranga vyake wiki ya tatu na kuyaacha ya bata yapoe. Yeye alitanguliza ya bata, akahesabu siku 14, ndipo akatia ya kuku.

Sasa mwangalie bata akila. Anachota pumba kavu mdomo tele, haziendi kooni, anakimbilia beseni. Anatia kichwa mpaka machoni, anatikisa, anasukutua, anapuliza maji puani. Hafanyi hivyo kwa utundu. Ndivyo anavyomeza, na ndivyo anavyosafisha pua na macho. Anarudi kwenye pumba mdomo ukichuruzika, matone yanadondokea chakula. Safari tano, safari sita. Kabla robo saa haijaisha beseni limekuwa uji wa kijivu, chakula kimekuwa donge, na kati ya beseni na chakula pana njia ya tope. Kuku kasimama pembeni, mguu mmoja juu, anatazama. Mwishowe anakunywa uji ule ule, hana mwingine.

Hapo ndipo penye hoja ya fundi seremala, ingawa yeye alikuwa akizungumzia harufu tu. Kwa joto letu pumba zilizolowa asubuhi huwa zimechacha kufika adhuhuri, na ukungu wake kuku haumwachi salama. Kinyesi cha bata sehemu kubwa ni maji. Maranda ya banda hayakauki, yanatoa hewa kali inayochoma macho, na kuku wanaanza mafua. Kibaya zaidi ni kuhara damu. Vimelea vya kuku na vya bata ni mbalimbali, havihamiani. Kwa hiyo atakayekwambia bata wako ndiye aliyewaambukiza kuku kuhara damu, amekosea. Lakini mayai ya vimelea vya kuku, yakitoka na kinyesi cha kuku, yanahitaji joto na unyevu ili yakomae, na yakivipata siku moja au mbili zinatosha. Joto lipo Zanzibar mwaka mzima. Unyevu unaletwa na bata.

Ndiyo maana yule Mpemba hakusema uongo. Ua wa shangazi ulikuwa mtelemko. Banda lilikaa juu. Beseni la bata lilikuwa chini kabisa, kwenye migomba na majimbi (ya kupika, si ya kuwika). Kila asubuhi alilipindua pale pale, majimbi yakanawiri mpaka majirani wakaomba mbegu. Kuku walinywea juu, kwenye chungu kilichopandishwa kwenye matofali mawili, urefu ambao kuku anafikia na bata anachoka kuufuata. Hakuwahi kusema kwamba amewatenganisha. Ukimuuliza angekwambia wanakaa pamoja.

Ua wa Fuoni, au wa Jang'ombe, ni kitu kingine. Ukuta wa matofali pande nne, sakafu nusu saruji nusu mchanga, na maji yakimwagika hayana pa kwenda isipokuwa kibarazani. Watu wa maweni, Makunduchi na Jambiani, wataniambia kwao maji hayatuami hata kidogo. Kweli, jiwe linakunywa. Lakini linachokunywa kinafika kisimani, kwa hiyo beseni la bata na kisima vikae mbali.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ufugaji havilisemi na kwetu ndilo linalofanya bata wauzwe. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kinyesi cha ndege ni najisi hata akiwa ndege wa kuliwa. Cha kuku mara nyingi kinakauka, unakifagia. Cha bata kinatapakaa, kinaganda kwenye nyayo, kinapanda na watoto mpaka kwenye mkeka wa kuswalia, kinarukia pindo la kanga iliyoanikwa chini. Na ndoo ya kutawadhia ikiachwa wazi uani, bata akaingia kuoga, maji hayo machache hayafai tena. Mwanaume akiniambia bata hana taabu, huwa namuuliza nani anafua nyumbani kwake.

Maradhi yana hukumu ya pande mbili. Masika moja nilinunua tetea wawili sokoni nikawatia na wenzao siku hiyo hiyo. Siku ya sita mmoja alipinda shingo, akawa anazunguka kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kideri. Ndani ya wiki mbili kuku walikwisha wote, na bata wangu wanne hata mmoja hakupiga chafya. Mtaa mzima ukaniambia nifuge bata tu, hawafi. Kwa mwenye bata peke yake maneno hayo yana ukweli. Kwa mwenye wote wawili ni hatari, kwa sababu bata anaweza kubeba virusi vya kideri na kuvitoa bila kuonyesha dalili yoyote. Unamwona mzima huku anawamaliza wenzake. Ila sitamsingizia: walioleta ni tetea wangu wa sokoni, na aliyewaingiza ni mimi. Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu huutumia kwa mgeni wa mji, mimi nauchukua kama ulivyo: kamba hiyo ikae wiki mbili, mbali na wenzake. Na kuku wachanjwe. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, ni tone moja tu jichoni kwa mkubwa na mdogo, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwenye bata uani ndiye asiyepaswa kusahau tarehe.

Dume la bata nalizungumza kwa adabu na kwa ufupi. Asipokuwa na majike wa kumtosha, wanne au watano, huwapanda kuku. Maumbile yake si ya jogoo: yeye ana uume, jogoo hana, na kuku wa kike hakuumbwa kwa hilo. Anaumia, pengine anakufa. Mwenye ua mdogo afuge bata majike bila dume. Mayai atapata, watoto hapati.

Usiku ni mwepesi kuumaliza. Kuku hupanda juu ya fito, bata wengi hulala chini, basi kinyesi cha wa juu kinamwangukia wa chini, na maranda ya wa chini yanamtia mafua wa juu. Boksi la mbao pembeni, lenye mlango wa kuzuia ngawa, linatosha bata watatu. Bata hutaga alfajiri, kwa hiyo ukimfungulia jua likishapanda utalikuta yai ndani badala ya kulitafuta kwenye majani.

Hukumu yangu basi ni hii: mchana wachangie ua ikiwa maji yana mtelemko wa kwendea; lakini beseni, chakula na malazi wasichangie kamwe. Na pale ambapo pembe ya ndoo ya bata na pembe ya chungu cha kuku haziwezi kuachana hata hatua sita, chagua mmoja. Kwa ua wa majamvi mawili ningechagua kuku.

Nilimwambia jirani hivyo, nikamwongezea kwamba bata mmoja peke yake hukaa kinyonge, angehitaji wenzake. Akaguna, akaondoka naye kwapani.

Jana nimempitia. Bata yuko peke yake chini ya mwembe, kamba mguuni, mbele yake mahindi safi na maji ya bakuli. Huku kwetu ndege aliyezoea kula mitaroni hufungwa siku tatu na kulishwa chakula kisafi kabla ya kuchinjwa. Na bata mgeni, kama nilivyomwambia mwenyewe, hufungwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Nikamuuliza hii ni kamba ya siku tatu au ya wiki mbili.

Akatazama kanga za mkewe zilizoanikwa kwenye kamba ya juu, akaniambia bado hajaambiwa.